Kopo Namba Hamsini na Nane

"Endesha, lakini usishinde," Torkel alimwambia, akiwa ameinamia dirisha la gari lisilo na kioo. "Nisikilize leo tu, Hillevi. Ukimaliza wa tatu unapata pointi zako, na hakuna mtu atakayekutazama mara mbili."

"Na wewe je? Hutanitazama?"

"Mimi nimeshaharibika. Sioni kingine."

Hillevi akainamisha uso, akajifanya anakaza mkanda ambao ulikuwa umeshakazwa. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Angeweza kushusha gia boksi peke yake kabla kahawa haijapoa, lakini mtu akimwambia neno tamu, masikio yalimwiva kama nyanya. Torkel aliliona hilo akatabasamu. Akanyoosha mkono wake unaonuka mbao za msonobari, maana alifanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao, akaingiza ndani ya kofia unywele uliokuwa umemtoka Hillevi shingoni. Kidole kikakawia pale kuliko unywele ulivyohitaji.

"Wa tatu," alirudia taratibu.

"Wa tatu," Hillevi akakubali. Na wakati anasema, alimaanisha.

Kilichokuwa kinawatia hofu ni utaratibu wa mbio zenyewe. Mbio zile ni za magari ya watu wa kawaida, na ili tajiri asije akazimwaga mali zake humo, kila gari linaloingia uwanjani huwa linauzwa siku hiyohiyo kwa bei moja inayojulikana na wote, liwe bovu au liwe bingwa. Dereva yeyote aliyeendesha siku hiyo ana haki ya karatasi moja. Anaandika jina lake, anaitumbukiza kwenye kopo la gari analolitaka. Karatasi zikiwa nyingi, inapigwa kura. Mwenye gari hawezi kukataa. Akikataa, haendeshi tena maisha yake.

Kwa misimu mitatu hakuna aliyewahi kutia karatasi kwenye kopo la Hillevi. Nani angelitaka? Lilikuwa Volvo dogo, modeli ya mia tatu arobaini, la rangi ya siagi iliyochacha, lenye umbo la sanduku la jibini. Tatizo la leo halikuwa sanduku. Tatizo lilikuwa kilichomo ndani.

Wiki moja kabla, injini ya gari hilo ilivunjika mkono wa pistoni na kutoboka ubavu. Zilibaki mbio za mwisho za msimu, na Hillevi ndiye aliyekuwa anaongoza kwa pointi upande wa wanawake. Wilaya nzima kulikuwa na injini moja tu ambayo ingeingia pale bila kukata chasisi. Ilikuwa ghalani kwao, juu ya kigoda cha chuma, imefunikwa blanketi la sufu.

Ilikuwa injini ya mama yake.

Gunvor, mama yake Hillevi, alisambaza barua vijijini miaka ishirini na mmoja kwa Volvo moja ndefu. Kutu ilikula bodi yote, lakini injini haikuugua hata siku moja. Gunvor alipofariki, baba yake Hillevi, Sixten, aliitoa ile injini, akaifuta mafuta kwa kitambaa cha meza, akaifunika. Mwaka wa tatu sasa, kila asubuhi akipita ghalani, aliweka kiganja juu ya blanketi na kusema, "Umeamkaje, Gunvor."

Sixten alipokwenda kwa dada yake kukata majani ya ng'ombe, Hillevi na Torkel waliihamisha kwa jioni tatu. Walichomelea vishikio vipya, wakapima propela, ule mhimili unaopeleka nguvu nyuma, wakakwaruzana vidole. Torkel alikuwa amelala chini ya gari, miguu nje, akilalamika.

"Gia boksi iko nyuma! Injini mbele, gia boksi nyuma! Mtu gani anawekewa tumbo mgongoni?"

"Ndiyo maana halizamishi pua kwenye kona kama makopo yenu ya Saab," Hillevi alimjibu. "Uzito umegawanyika. Nusu mbele, nusu nyuma."

"Letu linavutwa, mpenzi. Injini inakaa juu ya magurudumu yanayofanya kazi, inayakandamiza, yanashika. Farasi hufungwa mbele ya mkokoteni. Umewahi kumwona akifungwa nyuma?"

"Na sungura? Anarukia miguu gani?"

Miguu iliyokuwa nje ikakunjwa, ikanyooshwa.

"Sungura hana leseni," Torkel alisema mwisho, na Hillevi alicheka mpaka akaangusha spana.

Baada ya hapo waliichukua ile injini iliyotoboka, wakaiweka juu ya kigoda, wakaifunika blanketi. Hillevi hakulala vizuri tangu usiku ule. Lakini alijiambia: siku moja tu, kisha inarudi mahali pake.

Sixten alikuwa na neno lake kuhusu Torkel. Sikukuu ya katikati ya kiangazi Torkel alivaa shati safi, akavuka mto kuja kuomba mkono wa Hillevi. Upande wa pili wa mto wote ni watu wa Saab, magari ya kuvutwa na magurudumu ya mbele, tangu babu zao. Sixten alimsikiliza akiwa mlangoni, mkono kwenye kitasa.

"Nyinyi wa ng'ambo mnavutwa kwa pua," alisema. "Mtu anayevutwa kwa pua hajui anakokwenda. Sitamtoa binti yangu akavutwe."

Akafunga mlango. Hillevi alijua si magurudumu. Baba aliogopa nyumba tupu, lakini ya magurudumu yalikuwa rahisi zaidi kuyasema.

Na Torkel naye alikuwa na jeraha lake. Saab ya marehemu babu yake, waliyoiunda wawili tangu Torkel akiwa na miaka tisa, ilimponyoka kwenye kura mwezi wa sita. Ilikwenda kwa bwana mmoja wa Edsbyn. Torkel alimkabidhi ufunguo, akampa mkono, akaenda nyuma ya choo cha uwanja kukaa peke yake. Leo Saab hiyo ilikuwa hapa, namba sabini na moja. Torkel aliazima kigari cha binamu yake, kikakatika shafti mzunguko wa kwanza, lakini hakujali. Alishaendesha. Alishapata haki ya karatasi moja.

"Safari hii namrudisha babu nyumbani," alimwambia Hillevi wiki nzima.

*

Fainali ilikuwa ya magari sita. Changarawe ilikuwa imemwagiwa maji, na kwenye kona ya kwanza magari ya kuvutwa yalifanya kama Torkel alivyosema siku zote: yaliuma ardhi yakaondoka, huku mkia wa Hillevi ukienda mrama kama ng'ombe kwenye barafu. Akawa wa tano. Kisha wa nne. Jua la mwezi wa nane likaanza kuukausha uwanja, magurudumu ya nyuma yakapata pa kukanyaga. Akawa wa tatu.

Pale pale. Hapo ndipo alipotakiwa kubaki.

Lakini kwenye sehemu iliyonyooka akaisikia. Ndani ya chuma kitupu kisicho na viti wala mazulia, injini ya mama yake ilikuwa inaimba. Ni sauti ileile aliyoisikia akiwa mtoto amelala, gari likipanda kilima cha nyumbani saa tisa alasiri, barua zote zimeisha, mama anarudi. Miaka mitatu hakuisikia. Mguu ulitakiwa kuinuka. Haukuinuka.

Alipompita wa pili alikuwa analia. Alipompita wa kwanza alikuwa anacheka. Bendera ikashuka, na Hillevi alikuwa bingwa wa siku.

Torkel alifika wa kwanza kwenye dirisha. Usoni alikuwa na furaha na huruma, vyote viwili.

"Nilikwambia nini?"

"Alikuwa anaimba, Torkel. Ningemnyamazishaje?"

Torkel alivua kitambaa shingoni, akamfuta tope kwenye nyusi, kwenye shavu, pembeni mwa mdomo, polepole, kama mtu anayefuta kioo cha taa. Kisha mkono ukasimama. Alikuwa anatazama nyuma ya Hillevi.

Sixten alikuwa anakuja. Jirani alikuwa amemshusha getini. Begani alikuwa amebeba blanketi la sufu.

Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga.

"Leo nimeamua nimfute vumbi," alisema. "Nikafunua. Nikaona tundu linaloingia ngumi."

"Baba..."

"Tangu Jumatano, Hillevi. Tangu Jumatano nasalimia injini iliyotoboka. Juzi nimeiambia habari za dada yangu."

Hillevi alitaka kucheka na alitaka kufa. Akashika ncha ya blanketi kama alivyokuwa akishika alipokuwa mdogo.

"Nisamehe, baba. Nilidhani hakuna atakayelitaka. Nilikuwa nirudi naye leo."

"Nimemsikia kutoka getini," Sixten alisema, na sauti yake ikalegea kidogo. "Nikasimama. Nikamwambia jirani, yule ni Gunvor anapanda kilima." Akageuka akatazama meza ya makopo. "Wangapi wameshatia?"

Walikuwa wengi. Waliona mkono mmoja ukiinuka juu ya kopo la Hillevi, namba hamsini na nane, kisha mwingine. Watu walikuwa wamesikia pia. Sanduku la jibini lilikuwa limegeuka lulu kwa dakika nne.

Sixten akatoa kalamu, akachana kipande cha gazeti, akaenda mezani. Aliyekaa pale alikuwa Ingegerd, katibu wa klabu, bibi wa miaka sabini na tano mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani.

"Sixten," alisema, akifunika kopo kwa kiganja. "Umeendesha leo?"

"Mwaka wa sita sijaendesha na wewe unajua."

"Basi mimi nifanyeje?"

"Ufumbe macho, Ingegerd. Yote manne."

"Nikikufumbia wewe, nitawafumbia wote." Lakini akamgusa mkono. "Gunvor mwenyewe angenigombeza. Zimebaki dakika saba. Tafuta mwenye haki."

Mwenye haki alikuwa amesimama hatua hamsini kutoka pale, karibu na kigari kilichokatika shafti. Hillevi alimwona baba yake akizitembea zile hatua hamsini kama mtu anayevuka mto wa barafu nyembamba. Akamfuata kwa nyuma, moyo juu.

Sixten alisimama mbele ya Torkel. Akakohoa. Akatazama shafti iliyokatika.

"Mbele," alisema. "Hukatika hapo."

"Hukatika, mzee."

"Ya nyuma hukatika pia. Mara chache." Akahamisha blanketi bega la pili. "Sikukukaribisha ndani siku ile."

"Nilikuwa na shati safi. Nje palinitosha."

"Kijana, sijui kuomba. Nitasema mara moja. Una karatasi moja. Ile Saab ya babu yako iko hapa, na ningekuwa wewe..." Sixten akalibana blanketi. "Namwombea mke wangu. Mtilie karatasi yako."

Torkel alimtazama Hillevi. Ulikuwa mtazamo mrefu, na Hillevi hakuweza kuusoma, akaangusha macho chini.

"Karatasi yangu nimeshaitumbukiza, mzee. Kabla ya fainali."

"Kopo gani?"

"Mzee anajua. Kopo halitajwi."

Ni kweli. Katika klabu yao, aliyetaja kopo lake karatasi yake haitoki. Wanaliamini hilo kama watu wengine wanavyomwamini paka mweusi, na Sixten mwenyewe ndiye aliyewafundisha vijana wengi kuufunga mdomo. Akatikisa kichwa taratibu.

"Ni haki yako. Babu ni babu."

Hillevi alihisi kitu kikimchoma, kisha akakionea aibu. Ni yeye aliyekosa, si Torkel. Alimwona akiwa na miaka tisa, mikono midogo ndani ya injini ya babu yake. Akamsogelea, akaingiza mkono wake ndani ya mkono wa Torkel, mbele ya baba, kwa mara ya kwanza.

"Umefanya vizuri," alimnong'oneza. "Mrudishe babu."

Torkel aliubana ule mkono mpaka ukauma.

*

Ingegerd alifungua kopo la hamsini na nane. Alihesabu kwa sauti: karatasi saba. Akavua miwani yote miwili, kama desturi, akatazama mawingu, akaingiza mkono.

Hillevi aliomba bila maneno. Baba yake alikuwa amelikumbatia blanketi kifuani.

"Maj-Lis Rönn. Ljusdal."

Mama mmoja wa makamo mwenye ovaroli ya kijani akapiga ukelele, kisha akaona nyuso zilizokuwa mbele yake, akanyamaza. Hakuna aliyemwambia kitu. Kanuni ni kanuni. Sixten alisimama wima kama nguzo ya simu.

Ingegerd akaendelea. Sitini na tatu, hakuna aliyetia. Sitini na sita, mmoja. Kisha sabini na moja, Saab. Hillevi akainua macho kumtazama Torkel, tayari kumfurahia hata kama yeye amevunjika.

Ingegerd akalipindua kopo juu chini. Akalitikisa.

"Sabini na moja, hakuna. Gari linabaki kwa mwenyewe."

Ilimchukua Hillevi muda kuelewa. Hakuna. Hata karatasi moja. Angetia Torkel, angekuwa peke yake. Babu angerudi nyumbani leo bila hata kura.

"Torkel," alisema. "Ulitia wapi?"

Torkel alikuna kisogo. "Kura imeshapita, basi naweza kusema. Zile saba, moja ilikuwa yangu."

"Kabla ya fainali! Hukujua kama ningeshinda!"

"Mimi? Nakujua wewe na nakijua kile kiguu chako. Nilipokwambia uwe wa tatu, nilikuwa nimeshaandika jina."

Masikio ya Hillevi yakaiva kama siku zote. Lakini safari hii hakuinamisha uso. Alimshika mashavu kwa mikono yake yenye tope na grisi, akambusu pale mbele ya katibu, mbele ya wauza soseji, mbele ya watu wa ng'ambo na watu wa ng'ambo ya ng'ambo. Torkel alinuka mbao. Alimng'ang'ania, yule mwanamume mkubwa, na Hillevi akajua kwamba hofu ya nyumba tupu haikuwa ya baba peke yake.

Walipoachana, Sixten alikuwa ameshawapa mgongo. Alikuwa anazungumza na Maj-Lis kando ya gari.

"Ukimwasha asubuhi, mpe dakika mbili," alikuwa anasema. "Usimkimbize akiwa baridi. Hapendi."

"Dakika mbili," Maj-Lis alisema kwa heshima.

"Atakusindikiza miaka ishirini. Na sauti ikibadilika, nipigie. Saa yoyote."

"Mzee, kama ningejua..."

"Ungetia vilevile, na ni sawa. Ghalani alikuwa kimya sana." Akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo. Midomo ikacheza bila sauti. Kisha akalitoa blanketi begani, akalikunja mara mbili, akampa yule mama. "Usiku mfunike. Vuli inakuja."

Maj-Lis alilipokea kwa mikono miwili. "Nitakuwa namleta kila mbio," alisema. "Mtamsikia kutoka getini."

Sixten alirudi kwao akitembea taratibu. Macho yalikuwa mekundu na pua pia. Alimtazama Torkel kuanzia viatu mpaka kichwani, kama mtu anayekagua gari la mitumba ambalo ameshaamua kulinunua.

"Alhamisi tunafungua kopo la samaki waliochacha," alisema. "Wa mwaka huu wananuka vizuri. Unakula?"

Hillevi alimgeukia baba yake. Kopo lile hufunguliwa nje, kwa harufu yake, na mgeni hakaribishwi. Wanaokaa mezani pale ni watu wa nyumbani tu.

"Nakula, mzee. Kwa viazi na vitunguu."

"Njoo na shati chakavu. Lile safi litaharibika." Akatikisa kidevu kuelekea kile kigari cha binamu. "Hicho utakirudishaje?"

"Binamu ameondoka na trela lake, amekwenda kukamua ng'ombe. Nitakuja nalo kesho."

"Trela letu liko tupu." Sixten akalitazama, na kwa muda uso wake ukaanguka, kisha akaunyanyua tena. "Kipakie. Kitakaa ghalani mpaka upate shafti. Kuna nafasi sasa."

"Gari la kuvutwa? Ghalani kwako, mzee?"

"Kipakie kinyumenyume. Majirani waone mkia kwanza."

Walikipakia watatu, wakisukuma, wakigombana kamba ipite wapi. Ilipokuwa tayari, Sixten alichukua kwa Hillevi ufunguo wa gari lake la kuvutia trela, akamtupia Torkel.

"Endesha wewe. Ujue kusukumwa kukoje."

Hillevi akafungua mlango wa mbele ili baba apande mahali pake pa siku zote. Mzee akampita, akafungua wa nyuma, akajikunja humo kati ya ndoo na kamba.

"Kaa mbele na mwenzio," alisema. "Mimi niacheni nyuma. Nguvu ya gari hili iko huku."